Data yenu inazeeka: kwa dada anayeongoza timu ya ubora wa data Kisumu

Swali: "Ninaongoza timu ya watu sita ya ubora wa data katika kampuni moja hapa Kisumu. Programu yetu ya simu humwonyesha abiria steji, njia, nauli na muda wa kungoja matatu au tuktuk. Kila wiki tunarekebisha makosa chungu nzima na kila wiki malalamiko yanarudi palepale. Bosi anatupima kwa idadi ya makosa tuliyorekebisha. Wahandisi wanasema data si kazi yao, watu wa nyanjani wanaapa kwamba walileta data sahihi. Sasa nimepewa bajeti ndogo. Niajiri watu wawili zaidi au ninunue programu ya kukagua data? Na nianzie wapi?"

Dada, hongera kwa cheo, na pole kwa mzigo uliokuja nacho.

Nitaanza na watu wako wa nyanjani, maana naamini wanasema kweli. Siku waliyofika Kondele, steji ilikuwa palepale walipoiweka kwenye ramani, na nauli ilikuwa ile waliyoiandika. Kisha siku zikapita. Upande mmoja wa barabara ukafungwa, SACCO moja, yaani chama cha wenye matatu, ikakosana na nyingine ikasogea mbele kidogo, mafuta yakapanda bei, shule zikafungwa. Hakuna aliyekosea. Data ilizeeka ikiwa mikononi mwenu, na timu ikabaki kutafuta wa kulaumiwa. Ningependa uichukue kazi yako hivi: unasimamia umri wa kila jambo ambalo programu yenu inamwambia abiria. Bosi wako naye akilikubali hilo, mengi uliyoniuliza yatapata majibu.

Watu wengi hawalioni jambo hili kwa sababu vifaa tunavyotumia vilitungwa kwa ajili ya miji ya namna nyingine. Muundo wa GTFS, yaani mafaili ya kuandikia steji, njia na ratiba za usafiri, ambao bila shaka mnautumia, ulianza mwaka 2005 huko Portland, Marekani, kwa ushirikiano wa Google na TriMet, shirika la usafiri la eneo hilo. TriMet ndiyo inayopanga ratiba, ndiyo inayoendesha mabasi, na ndiyo inayotoa data. Ratiba ikibadilika, shirika lililoibadilisha ndilo linalotoa faili jipya. Kazi ya ubora wa data katika mji kama huo huwa zaidi ni kunasa makosa ya uandishi. Kisumu hakuna ofisi ya aina hiyo. Njia huamuliwa na SACCO, dereva, askari wa trafiki, mvua, na soko la Kibuye siku ya Jumapili, na hakuna hata mmoja wao anayekutumia faili. Nairobi ilipochorewa ramani ya matatu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda magari wakiwa na simu mkononi, wakafuata njia zaidi ya 130, na ramani ikatolewa mwaka 2014. Ilikuwa kazi kubwa iliyotufungulia mlango sisi wengine. Lakini ukusanyaji wa mara moja una mwisho wake. Kuhakikisha kwamba kilichokusanywa mwaka jana bado ni kweli leo hakuna mwisho, na hiyo ndiyo kazi uliyokabidhiwa.

Wala si kila kitu huzeeka kwa kasi moja. Wewe unaishi kando ya ziwa, unajua kwamba omena iliyokaushwa hukaa wiki nyingi lakini mbuta mbichi lazima iuzwe leo. Mahali pa steji kubwa panaweza kukaa miaka bila kubadilika. Njia gari inayopita hukaa miezi, hadi barabara ichimbwe. Muda wa kungoja hutofautiana kati ya asubuhi na adhuhuri ya siku ileile. Nauli nayo huharibika upesi: EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hutangaza bei za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na siku zinazofuata ndizo za kurudi steji kuuliza, kabla abiria hajaja kukuambia. Disemba, watu wa magharibi wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, nauli uliyothibitisha Novemba usiitegemee kabisa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ningefanya ni kufungua hifadhidata yenu na kutazama ina tarehe gani. Nina hakika kila rekodi ina tarehe ya kuhaririwa. Hiyo haikusaidii, na mara nyingi hukudanganya: mhandisi akiendesha programu ndogo ya kusahihisha herufi kubwa katika majina ya steji, rekodi zote zinaonekana zimezaliwa jana, ilhali hakuna mtu aliyefika Nyamasaria tangu mwaka jana. Unahitaji tarehe nyingine, ya kuthibitishwa: nani alihakikisha jambo hili, lini, na kwa njia gani, yaani alifika mwenyewe, alipiga simu, au aliona kwenye mwendo wa GPS wa gari. Tarehe hiyo iwekwe kwa kila jambo peke yake. Nauli iwe na yake na mahali pa steji pawe na yake, kwa sababu mtu aliyepiga simu kuuliza nauli hakuona steji iko wapi.

Ukishakuwa nayo, chagua rekodi ambazo umri wake unaufahamu, tuseme za miezi mitatu, uwatume watu wakaone ni ngapi bado ni kweli. Fanya hivyo kwa nauli, kisha kwa njia, kisha kwa majina. Baada ya mizunguko michache utajua kila aina ya data hukaa kweli kwa muda gani katika mji wenu, na hapo ndipo unapoweza kupanga ratiba ya kurudia. Hakuna mtaalamu wa nje anayeweza kukupa takwimu hizo. Hata mimi ninayefanya kazi hii Nakuru siwezi kukuazima zangu, maana steji zetu huhamishwa kwa sababu zake na zenu kwa sababu zake. Nikugusie jambo moja tu tulilolionja huku: steji ikihamishwa kwa agizo, jina mara nyingi huhama nayo, na abiria huendelea kuliita eneo jipya kwa jina la zamani. Ikiwa mfumo wenu unaitambua steji kwa jina lake, historia ya sehemu mbili itachanganyika. Kila mahali pawe na namba yake isiyobadilika, na jina liwe kitu kinachoweza kuhama.

Sasa bosi. Kipimo cha makosa yaliyorekebishwa humpendeza kiongozi kwa sababu kinapanda, lakini timu yenye makosa mengi zaidi ndiyo itakayoonekana hodari. Mpelekee kipimo kingine kabla hujamlalamikia hiki. Kila Jumatatu chota maswali 100 kwa bahati nasibu kutoka katika maswali ambayo abiria waliiuliza programu wiki iliyopita. Zingatia hapo: unachota kutoka katika maswali, wala si kutoka katika orodha ya steji. Orodha ya steji inaipa uzito sawa steji ya Kondele na steji ambayo haijatafutwa na yeyote tangu izinduliwe. Ukichota maswali, sehemu zenye watu zitajitokeza zenyewe. Kisha timu ithibitishe kila jibu, kwa kufika au kwa simu, na kusema kama abiria aliyelifuata angefika bila kupotezwa.

Mweleze bosi mapema kwamba sampuli ya 100 ina ukungu wake. Mkipata majibu 90 sahihi, hali halisi inaweza kuwa pointi 6 hivi juu au chini ya hapo. Wiki ijayo mkipata 92, hakuna kilichothibitika bado, na mkipata 88 hakuna wa kugombezwa. Tazameni mwelekeo wa miezi.

Na "sahihi" maana yake nini? Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi na timu yako, na muda huo usiuonee uchungu. Steji ikiwa mita 15 kutoka pale programu inapoonyesha, abiria ataiona kwa macho. Mita 15 hizohizo zikivuka barabara ya Jomo Kenyatta, atasimama upande wa magari yanayokwenda kinyume na aendako. Umbali ni mmoja, madhara ni tofauti kabisa. Nauli nayo: tuseme programu inasema shilingi 50, mvua ikanyesha saa kumi na mbili jioni, makanga akadai 80. Mwenye pesa atanung'unika na kulipa. Aliyetoka kazini na 60 mfukoni atashuka atembee gizani hadi Manyatta, na huyo hatawaandikia malalamiko. Ataifuta tu programu. Ndiyo maana nasema malalamiko msiyafanye kipimo. Huja kutoka kwa wenye bando na wenye muda. Yatumieni kujua pa kuchimba, basi. Na nauli iandikwe kama kiwango chenye hali zake: kawaida, asubuhi na jioni, mvua, sikukuu. Abiria anastahimili kuambiwa "50 hadi 80, mvua ikinyesha hupanda". Kinachomuumiza ni namba moja iliyotamkwa kwa uhakika usiokuwepo.

Kuhusu ukaguzi wa kompyuta, usinunue chochote kwa sasa. Programu ya kukagua GTFS inayotunzwa na shirika la MobilityData ni ya bure, na itawaonyesha faili lisilokamilika, safari isiyo na njia, saa zinazorudi nyuma. Itumieni. Lakini haiijui Kisumu, na makosa yanayowatesa ni ya Kisumu.

Nikupe mfano mmoja nikiufungua wote. Mji wenu uko kusini kidogo tu mwa ikweta. Latitudo yake, yaani umbali wake kutoka ikweta kwa digrii, ni kama -0.09, na alama ya kutoa maana yake ni kusini. Alama ya kutoa ikianguka, pengine kwa sababu mtu alinakili kutoka lahajedwali iliyoila, steji ya mji wa kusini kabisa mwa dunia ingerukia bara jingine na kila mtu angeona. Ya Kondele inasogea kilomita 20 tu kaskazini, inatua kwenye vilima vya Vihiga, upande wa Mbale. Bado iko Kenya, bado iko penye barabara na watu, na ukaguzi wa kutazama tu kama steji iko ndani ya nchi hautalalamika. Utasema basi tukatae kila latitudo isiyo na alama ya kutoa. Haiwezekani, kwa sababu magari yenu ya Luanda hukata ikweta pale Maseno, na ya Kakamega huikata kabla ya kufika Chavakali. Steji za huko zina haki ya kuwa kaskazini. Dawa ni kukagua mwendo. Pima umbali kati ya steji na inayofuata, ugawanye kwa muda mlioandika. Gari la abiria Kenya hufungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kilomita 20 kwa dakika 4 ni kilomita 300 kwa saa. Rekodi hiyo haipiti. Ukaguzi huohuo mmoja utakunasia latitudo na longitudo zilizobadilishana nafasi, ambazo huipeleka Kondele Algeria, na steji zilizoachwa na sifuri mbili, ambazo huangukia baharini kwenye Ghuba ya Guinea.

Kosa la pili la kwenu ni saa. Msimamizi wa steji akisema gari la kwanza hutoka saa kumi na moja, anamaanisha alfajiri, yaani 05:00. Fomu kwenye simu inataka tarakimu, mkusanyaji ana haraka, anaandika 11, na sasa programu inamwambia muuzaji samaki alale hadi jua kali. Fomu iulize kwanza: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku? Kisha saa. Kisha ionyeshe jibu kwa namna zote mbili ili mkusanyaji alisome kwa sauti mbele ya aliyemwambia. Angalia pia kama kuna mahali seva zinahifadhi saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na kuzitoa bila kuongeza saa tatu za Kenya. Na kama mna mabasi ya usiku ya Nairobi, wakataze watu "kusahihisha" saa kama 28:30. Ndivyo GTFS inavyoandika saa kumi na nusu alfajiri ya siku inayofuata, kwa safari iliyoanza leo usiku.

Muda wa kungoja, msiulazimishe uwe ratiba. GTFS ina faili la masafa, ambalo husema tu kwamba kati ya saa fulani na fulani gari hupita kila baada ya dakika kadhaa. Matatu inayongoja ijae haina dakika ya kuondoka, na kumwandikia abiria 07:14 ni kumwambia jambo ambalo hata dereva halijui.

Watu wa nyanjani: wanalipwaje? Kama ni kwa kila steji waliyoleta, mtaletewa steji. Hata mtu mwaminifu, saa nane mchana kwenye jua la Nyalenda, atajikuta akiandika mbili mahali penye moja. Walipe kwa siku. Kisha sehemu ndogo ya kazi irudiwe na mtu mwingine ambaye hajaona jibu la kwanza, na majibu yakitofautiana, wote wawili wakae na wewe kuelewa kwa nini. Mara nyingi utakuta kila mmoja alikuwa sahihi kwa saa aliyofika, na hapo umejifunza kitu kuhusu steji hiyo ambacho hukukijua. Waambie tangu mwanzo kwamba kurudia huku kunaikagua data, na usiuvunje utaratibu huo hata siku moja kwa kumdhalilisha mtu mbele ya wenzake. Ukiuvunja, wataanza kupigiana simu kabla ya kujaza fomu, na hutakuwa tena na ukaguzi.

Wahandisi wanaosema data si kazi yao wana hoja nusu. Ukweli wa steji si kazi yao, lakini mlango wa kuingilia ni wao. Omba mambo mawili tu kutoka kwao, na uyaombe mbele ya bosi. Moja, kila kosa linalothibitishwa lifuatiliwe hadi lilipoingilia, na mlango huo uzibwe kabla rekodi haijarekebishwa kwa mkono. Pili, wewe uwe na mamlaka ya kuzuia toleo jipya la data lisiwafikie abiria. Bila hilo la pili wewe ni mshauri tu, na cheo chako hakina meno. Ila anza kwa vizuizi vichache mno, vile ambavyo hakuna mtu atakayebishana navyo: mwendo usiowezekana, safari bila steji, nauli hasi au sifuri. Mengine yawe onyo. Nimeona timu ikiweka vizuizi vingi kwa pupa, toleo likakwama kila Ijumaa, na baada ya muda mfupi wahandisi wakatafuta njia ya kuzunguka ukaguzi wote.

Ndani ya timu, gawa mji kwa barabara. Mmoja awe na njia ya Mamboleo hadi Kiboswa, mwingine Nyamasaria hadi Ahero, mwingine Otonglo na Kisian kwenda Maseno. Mtu mwenye barabara yake huwajua makanga wake kwa majina na husikia uvumi wa steji kuhamishwa kabla haujawa habari. Wabadilishane baada ya miezi, ili asibaki mmoja tu anayejua.

Jambo la sheria si refu lakini lisiachwe. Mwendo wa abiria kutoka nyumbani hadi kazini ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na namba ya simu ya makanga aliyewapa nauli pia. Kwa kupima ubora hamhitaji kujua nani aliuliza; inatosha kujua swali, saa na eneo. Chota sampuli zikiwa zimeondolewa utambulisho, na uwe umeandika nani ataarifiwa data ikivuja, maana Kamishna wa Data anatakiwa kujulishwa ndani ya saa 72.

Basi bajeti. Ajiri mtu mmoja, usiajiri wawili, na usimtafute kwa shahada ya takwimu. Tafuta mtu aliyewahi kufanya kazi steji au katika ofisi ya SACCO, anayeongea na wazee wa njia bila kuogopwa na bila kudharauliwa. Kazi yake iwe makubaliano: SACCO ikibadilisha nauli au ikihamisha steji, msimamizi anapiga simu au anatuma ujumbe siku hiyohiyo, na nyinyi mnarudisha kitu chenye thamani kwake, kwa mfano idadi ya watu waliotafuta njia yake kwa saa, ambayo itamsaidia kupanga magari ya jioni. Fedha zitakazobaki ziwe za muda wa maongezi na nauli za kurudia uthibitisho. Hiyo laini ya simu iwe na mtu wa kuipokea kuanzia alfajiri, kwa sababu mabadiliko mengi hutokea kabla ofisi yenu haijafunguliwa, na msimamizi akipiga mara mbili bila kujibiwa hatapiga tena.